Amri ya Vichwa Kumi: Uchambuzi wa Kisa cha Luteni Mmoja katika Koloni la Wafungwa, Sydney 1790

Kuhusu kisa hiki

Desemba 1790, katika koloni la wafungwa la Waingereza huko New South Wales, luteni mmoja wa kikosi cha wanamaji alipangiwa zamu kwenye msafara wa kuwaadhibu wenyeji. Akakataa kwa barua. Usiku uleule akakubali. Aliporudi akamweleza gavana kwamba anajuta kukubali, na kwamba amri ya namna ile hataitii tena. Mwaka mmoja baadaye alikuwa melini anarudi Uingereza, ilhali alikuwa ameomba abaki.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari za mtu mwenye dhamiri safi. Mimi naona kina faida kubwa zaidi kikitazamwa kama suala la kazi: ofisa wa cheo cha chini akipewa amri mbaya ana njia zipi, na kila njia inamgharimu nini na kubadilisha nini. Kwa hiyo luteni mwenyewe, makapteni na kasisi nawataja kwa vyeo tu. Majina yao yamo kwenye nyaraka za umma na si siri kwa mtu yeyote, ila jina likitangulia, msomaji huanza kumpima mtu akauacha uamuzi. Gavana Arthur Phillip na viongozi wa wenyeji nimewaachia majina yao, maana pasipo wao habari hii haishikiki.

Usuli: koloni lenye njaa na jeshi lenye ugomvi

Merikebu 11 ziliondoka Portsmouth Mei 1787, zikatia nanga Sydney tarehe 26 Januari 1788. Zilibeba watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafungwa, pamoja na askari wa majini wapatao 200 wa kuwalinda. Wafungwa hawa hawakujengewa gereza la kuta. Bahari na msitu ndivyo vilivyokuwa ukuta wao, na askari walitarajiwa kuwa walinzi, mahakimu na mashuhuda wa viboko kwa wakati mmoja. Maofisa wengi hawakuipenda kazi hiyo. Walisema wao ni askari, si wanyapara wa wafungwa.

Mambo mawili ya miaka ya mwanzo yanahitaji kukumbukwa. La kwanza ni la Machi 1788. Mahakama ya kijeshi yenye maofisa watano ilimhukumu askari mmoja. Meja, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi, hakuridhika na namna hukumu ilivyoandikwa na akataka waibadilishe. Wakagoma. Meja akawatia wote watano mbaroni. Gavana alipotaka waitiwe mahakama kuu ya kijeshi, ikaonekana inahitaji maofisa 13, na ukiwatoa waliokamatwa hawakufika. Basi watano wale wakarudi kazini huku kwenye karatasi wangali mbaroni. Yaani tangu miezi ya mwanzo kila ofisa alijua kwamba katika koloni lile kumkamata ofisa ni rahisi, kumhukumu ni kazi.

La pili ni la Machi 1789. Askari sita wa kawaida walinyongwa kwa kuiba chakula kwenye ghala la serikali. Kwa askari wa kawaida sheria ilikuwa na meno.

Halafu njaa. Machi 1790 merikebu ya Sirius ilivunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk, ikaondoka na tumaini la kwenda kuleta chakula haraka. Mwezi uliofuata posho ya wiki ya mtu mzima ilishuka hadi ratili 2 za nyama ya nguruwe, ratili 2 na nusu za unga na ratili 2 za mchele, kwa gavana na kwa mfungwa sawasawa. Juni ukafika msafara wa pili wa merikebu za wafungwa kutoka Uingereza, ambapo karibu robo yao walikuwa wamefia njiani na wengi wa waliosalia hawakuweza kusimama.

Na wenyeji. Ndui iliingia Aprili 1789 ikafagia pwani. Gavana mwenyewe alikadiria kwamba nusu ya wenyeji wa karibu walikufa. Naye alikuwa na maagizo ya mfalme ya kuishi nao kwa urafiki, ila namna yake ya kuutafuta urafiki huo ilikuwa kuteka watu. Novemba 1789 aliwakamata wenyeji wawili, Bennelong na Colebee, ili wafunzwe lugha na wafunze yao. Colebee alitoroka upesi, Bennelong akafuata baada ya miezi kadhaa. Septemba 1790, kwenye ufuo wa Manly ambako watu walikuwa wamekusanyika kula nyangumi aliyetupwa na bahari, gavana alichomwa mkuki begani. Hakulipiza kisasi. Alisema aliyemchoma alidhani anakuja kutekwa. Neno hilo ni la kulitia akilini, kwa kuwa miezi mitatu baadaye gavana huyohuyo aliagiza vichwa.

Luteni alikuwa nani

Alikuwa ofisa wa majini tangu 1779, na 1781 alijeruhiwa katika vita vya majini dhidi ya Wafaransa karibu na pwani ya Marekani. Kilichompeleka Sydney lakini hakikuwa bunduki. Wanajimu wa London walitazamia nyota yenye mkia ionekane mwaka 1788 upande wa kusini wa dunia, wakampa vyombo vya kupimia aende akaivizie. Nyota haikutokea. Yeye akabaki na kibanda chake cha kutazamia mbingu kwenye rasi ya magharibi ya ghuba, mahali ambapo leo daraja kubwa la Sydney linaanzia upande wa kusini. Kutoka Septemba 1788 hadi Desemba 1791 aliandika joto, upepo na mvua siku baada ya siku.

Ndiye pia aliyekuwa mhandisi na mpima ardhi wa koloni. Mizinga ya bandarini, mistari ya mitaa ya Sydney na Parramatta, ramani za misafara ya bara, vingi vilipita mkononi mwake. Msafarani yeye ndiye aliyehesabu hatua ili umbali ujulikane, na wenzake walishangaa kwamba aliweza kuhesabu huku anaongea.

Alikuwa mtu wa dini, na hilo litarudi.

Jambo linalomfanya akumbukwe leo ni madaftari yake ya lugha. Kibanda chake kilikuwa mbali kidogo na kambi, na wenyeji walipita kukaa naye. Aliyemfundisha zaidi alikuwa msichana aitwaye Patyegarang, wa umri wa kama miaka 15. Luteni hakujiandikia orodha ya majina ya vitu tu kama wenzake walivyofanya. Aliandika sentensi nzima, nani kasema, akiwa amekaa wapi, kwa sababu gani. Neno putuwa ameliandika kwamba ni kuota mkono motoni kisha kuvibana kwa upole vidole vya mwenzio. Mahali pengine alimuuliza msichana kwa nini watu wake wana hasira, akajibiwa kwamba ni kwa kuwa weupe wamekaa hapa. Kwa nini wanaogopa? Kwa sababu ya bunduki. Neno aliloliandika kwa jibu hilo ni gunin, yaani neno la Kiingereza lililokwisha kuvikwa mwisho wa lugha ya pale. Madaftari haya yalilala London karibu karne mbili hadi 1972 watafiti walipoyatambua katika chuo cha SOAS, jumba lilelile ambalo wasomi wa Kiswahili hulifahamu kwa miswada yake ya tenzi.

Mtiririko wa matukio

Tarehe 9 Desemba 1790 sajini mmoja na wafungwa watatu walitumwa kuwinda kangaruu upande wa Botany Bay, ghuba iliyo kusini ya Sydney. Mmoja wa wafungwa hao alikuwa mwindaji wa gavana, mtu aliyeruhusiwa kubeba bunduki. Wakiwa wamelala bandani wakasikia mchakacho vichakani. Walikuwa wenyeji watano wenye mikuki. Mwindaji akawaambia wenzake wasiogope, hawa anawajua. Akaweka bunduki chini, akawaendea huku anawasemesha kwa lugha yao. Mmoja akaruka juu ya gogo, akamchoma ubavuni. Aliyemchoma alikuwa Pemulwuy, mtu wa kabila la Bidjigal.

Mwindaji aliletwa Sydney akiwa hai, akafa tarehe 20 Januari. Kambini ilijulikana kwamba wenyeji wote walimchukia mtu huyu. Bennelong alikuwa akimwona tu anageuka mwingine, kwa hofu na chuki pamoja. Ilishukiwa tangu zamani kwamba huko maporini alikuwa anawaua watu. Kabla ya kufa aliungama maovu mengi, ila kuhusu wenyeji alishikilia kwamba aliwahi kumpiga risasi mmoja tu, na ni kwa kujitetea. Waliomsikia hawakumwamini wote.

Tarehe 13 Desemba amri ikatoka. Kikosi kiende Botany Bay kikawaue wanaume kumi na kuwaleta wawili hai wakanyongwe hadharani. Silaha zote zitakazokutwa zivunjwe. Mwanamke wala mtoto asiguswe, kibanda kisichomwe. Na hakuna ruhusa kuinua mkono kwa ishara ya amani ili kuwavuta watu karibu, kwa kuwa ishara ile ikitumiwa kwa hila haitaaminiwa tena. Vichwa vya waliouawa viletwe kambini. Mashoka na mifuko vilitolewa kwa kazi hiyo, na kamba za kufungia mateka.

Msafara ulikuwa na makapteni wawili, maluteni wawili, madaktari wawili, masajini watatu, makoplo watatu na askari 40. Zamu ya mmoja wa maluteni ilimwangukia huyu tunayemzungumza.

Hapo akaandika barua kwa kapteni aliyekuwa mkuu wa kikosi, maana meja alikuwa amehamishiwa Norfolk, kusema kwamba kazi hiyo hataifanya. Kapteni akajaribu kumshawishi, akashindwa, akaipeleka barua kwa gavana. Gavana naye akamwita, akamweleza yatakayompata akishikilia. Akashikilia. Jioni ile akaenda kwa kasisi wa koloni. Usiku umekwenda akarudi kwa kapteni na kusema kasisi anaona anaweza kuitii amri, kwa hiyo yuko tayari.

Saa kumi alfajiri ya tarehe 14 wakaondoka. Walizunguka siku nzima kwenye joto la Desemba, ambalo huko ni kiangazi, bila kumwona mtu. Siku ya pili waongoza njia wakapotea kidogo, kikosi kikatokea ufuoni mahali pa wazi. Wenyeji watano waliokuwa pale waliwaona. Kikosi kikajigawa makundi matatu kuwazingira. Watano wakatimua mbio, na askari waliovaa makoti ya sufu na kubeba mikoba hawakuwa na la kufanya. Walipofika kwenye vibanda, mitumbwi ilikuwa inamalizikia kuvuka. Wakiwa wanarudi walimkuta Colebee anavua samaki. Akaja kuongea nao pasipo wasiwasi, akawaambia Pemulwuy amekwenda mbali kusini.

Gavana akaagiza msafara wa pili, ukaondoka jioni ya tarehe 22. Luteni hakuwamo. Wakivuka mkono wa bahari usiku wakazama kwenye tope, baadhi yao hadi kiunoni, kapteni aliyewaongoza akiwamo. Waliopona ng'ambo wakawavuta kwa zile kamba za kufungia mateka. Vibanda walivyovifikia vilikuwa vitupu.

Hakuuawa mtu, hakukamatwa mtu.

Baada ya msafara wa kwanza luteni alimwendea gavana mwenyewe, pasipo kuitwa, na kumwambia yale niliyoyataja mwanzoni.

Maamuzi na sababu zake

Tuanze na gavana, kwa kuwa bila kuelewa hoja yake tutamfanya luteni mtakatifu kwa bei rahisi. Phillip aliwaeleza maofisa kwamba tangu waje, watu 17 wa koloni wameuawa au kujeruhiwa na wenyeji, na kwamba wa Bidjigal ndio wanaoongoza. Mara zote alijizuia kwa kuamini kwamba wafungwa ndio waliochokoza. Safari hii aliamini hakuna uchokozi: mtu kaweka bunduki chini, kachomwa. Alitaka pigo moja la kutia hofu kuu, baadaye asihitaji kurudia. Pia alikuwa na koloni lenye njaa, bunduki chache, na wafungwa waliotangatanga msituni kutafuta mboga.

Hoja ina mashimo mawili. Lile la kwanza lilikuwa wazi hata siku ile: alichagua kuamini kwamba mwindaji hakuwa na deni, huku kambi nzima ikimshuku. La pili ni kwamba adhabu ilielekezwa kwa wanaume wowote wa upande ule. Pemulwuy alijulikana kwa jina, lakini amri ilidai idadi.

Kapteni aliyepewa uongozi wa msafara alichukua njia nyingine. Gavana alipomuuliza kama ana wazo la kuboresha, akapendekeza wasiue kumi. Wakamate sita, baadhi waadhibiwe, wengine waachiwe baada ya kuona yaliyowapata wenzao. Gavana akakubali akaongeza yake: wakipatikana sita, wawili watanyongwa na wanne watapelekwa Norfolk kwa muda, ndugu zao wadhani wameuawa kwa siri. Wasipokamatika, sita wapigwe risasi. Kapteni akaenda. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa 1793, zinausimulia msafara mzima kwa mzaha wa mtu anayejua kwamba alitumwa kazi ya kipuuzi.

Luteni hakuandika popote, katika karatasi zake zilizobaki, sababu za kukataa. Tunachokijua kinatoka kwa gavana, katika barua aliyompelekea waziri London Novemba 1791. Hili lizingatiwe, kwa sababu watu wengi hueleza kwamba alikataa kwa ajili ya Patyegarang na urafiki wake. Tarehe haziafiki sana: mazungumzo mengi yenye tarehe katika madaftari, likiwemo lile la bunduki, ni ya 1791, baada ya msafara. Kinachoonekana siku yenyewe ni mtu wa dini anayekwenda kwa kasisi. Naona inaelekea zaidi kwamba kukataa ndiko kulikotangulia, na kuuliza "kwa nini mnaogopa?" kukafuata.

Matokeo

Hakushtakiwa. Kisa cha 1788 kilikuwa kimeonyesha kwamba mahakama ya maofisa haikusanyiki, na safari hii mtuhumiwa alikuwa hatimaye amekwenda zamu, basi kosa lililobaki lilikuwa maneno. Maneno hayo gavana aliyaweka akiba.

Luteni aliomba kubaki koloni baada ya kikosi chake kurudishwa. Alitaka kuendelea na vipimo, ramani na lugha, na koloni lilimhitaji mhandisi. Mwishoni mwa 1791 gavana alimpa masharti. Aombe radhi kwa mambo mawili: maneno yake baada ya msafara, na jambo jingine dogo la unga. Alikuwa amenunua unga wa posho kwa mfungwa. Gavana alisema posho ni ya serikali na kuinunua ni kuwafundisha wafungwa kuuza chakula chao. Luteni alisema mtu akishapewa chake ni chake. Akakataa kuomba radhi kwa yote mawili. Desemba 1791 akapanda merikebu ya Gorgon pamoja na wenzake wa kikosi, na hakurudi tena Sydney.

Koloni likapoteza mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuandika mazungumzo ya wenyeji kwa kiwango kile. Pemulwuy aliendelea kupigana na walowezi hadi alipopigwa risasi 1802. Kichwa chake kilitiwa kwenye pombe kali kisioze, kikapelekwa Uingereza kwa mkusanyaji wa vitu vya elimu ya viumbe. Amri ya 1790 ilitimia kwa kichwa kimoja, chini ya gavana mwingine.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri ni njia ya barua. Luteni hakujificha kwa ugonjwa, hakubadilishana zamu kimyakimya na mwenzake, jambo ambalo nadhani lingewezekana na lingemwepusha na kila kitu. Alimwandikia mkuu wake wa moja kwa moja, barua ikapanda ngazi, gavana akalazimika kuizungumza. Kwa hiyo miaka zaidi ya 230 baadaye tunajua kwamba ndani ya jeshi lenyewe kulikuwa na mtu aliyeona amri haifai. Asingeandika, historia ingesema "hivyo ndivyo walivyofikiri watu wa wakati ule", sentensi ambayo husamehe mengi.

Kilichoshindikana ni usiku ule mmoja. Alikataa akiwa hana mtu upande wake, akaenda kutafuta ushauri kwa mtu ambaye naye alilipwa na koloni hilohilo. Kasisi hakuwa mtu mbaya. Alimlea mtoto yatima wa kienyeji nyumbani kwake baada ya ndui. Ila swali alilopelekewa, kwa jinsi gavana alivyoliripoti, lilikuwa kama luteni anaweza kuitii amri. Ukiuliza kama unaweza, karibu kila mara utaambiwa unaweza. Hakuuliza kama amri ni ya haki. Na hakuna dalili kwamba alimwendea kapteni wa msafara, ambaye siku hiyohiyo alikuwa ameshusha idadi kutoka kumi hadi sita na pengine angesikiliza zaidi. Wawili wale walikuwa marafiki na wasafiri wenza. Kila mmoja alishughulika na amri ileile kivyake.

Njia ya kapteni inastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi wetu kazini tungeichagua. Alipunguza madhara kwenye karatasi: wanne kati ya sita wangeishi. Hilo si dogo kwa wanne hao. Lakini kwa kuipunguza aliifanya amri itekelezeke. Amri ya vichwa kumi kwenye mifuko ilikuwa inawatia kichefuchefu hata waliozoea viboko. Ya mateka sita ilionekana ya kiserikali. Baada ya marekebisho yale, luteni aliyekuwa amebaki kukataa alionekana mkaidi zaidi kuliko mwanzo. Sisemi kapteni alikosea. Nasema atakayeufundisha mfano wake aonyeshe pande zote mbili, asiishie kwenye hesabu ya waliookolewa, hasa kwa kuwa waliookolewa kwa kweli waliokolewa na miguu yao wenyewe.

Tamko la baadaye ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Msafara ulikuwa umeshindwa. Hakuna damu iliyomwagika, hakuna aliyekuwa anamdai maelezo. Angekaa kimya, mambo yangeisha. Akaenda kusema kwamba anajuta kwa kutii. Gavana angeweza kuisamehe barua ya kwanza, kwani ilifuatwa na utii. Hakuweza kuipuuza hii, maana ilihusu amri zijazo: alikuwa anaambiwa na ofisa wake kwamba kuna aina ya kazi asimhesabie. Katika koloni lenye maofisa wachache hivyo, hilo lilikuwa tatizo la kweli la uongozi, na hasira ya gavana sioni kama ilikuwa ya bure.

Suala la unga nalo linafunza kitu, ingawa halipendezi. Gavana alifunga mambo mawili yasiyofanana katika fungu moja, ofisa aliyekataa kuua na ofisa aliyenunua unga, ili kuomba radhi kwa dogo kuwe kuomba radhi kwa kubwa. Luteni angeweza kuyatenganisha: kukubali kosa la unga, ambalo hoja ya gavana ilikuwa na nguvu kwa koloni lililokuwa na njaa, na kushikilia lile la msafara. Akashikilia yote kwa ugumu uleule. Hapo naona tabia zaidi ya msimamo. Matokeo yake lugha ya watu wa Sydney ikabaki na madaftari ya miaka miwili tu badala ya mitano.

Tabia hiyo ilijitokeza tena. Baada ya Sydney alikwenda Sierra Leone, ambako kampuni ya London ilikuwa inawapa makazi Waafrika walioachwa huru baada ya vita vya Marekani. Mwishoni mwa 1792 akawa gavana wao. Walowezi hao walikuwa wameahidiwa ardhi. Yeye akataka kugawa upya viwanja vya Freetown ambavyo wengi walishajenga. Wakakataa. Hakuwasikiliza zaidi ya Phillip alivyomsikiliza yeye. Mwaka 1793 walichanga, wakatuma wajumbe wawili London na hati ya malalamiko, wakipita juu ya kichwa chake kwa wakurugenzi wa kampuni. Wakurugenzi waliikataa hati hiyo, na luteni wetu akarudishiwa ugavana mara mbili zaidi kabla ya kuhamia Antigua, ambako alifungua shule za watoto wa watumwa na kufa mwaka 1836.